Kupakua

Kitenzi "pakua" ni kinyume cha "pakia", kama "fungua" kwa "funga". Wali hupakuliwa chunguni, shehena hupakuliwa melini. Intaneti ilipokuja tukalipa neno hilo kazi mpya, na chaguo lilikuwa zuri: kilichopakuliwa kimetoka kilikokuwa, sasa kiko kwa mwenyewe.

Nyimbo za duka la iTunes, lililofunguliwa na Apple mwaka 2003, hazikustahili kitenzi hicho. Mnunuzi alilipa senti 99 za dola, faili likaingia kwenye kompyuta yake, lakini lilikuja na kufuli iliyoitwa FairPlay. Lilicheza kwenye kompyuta chache tu zilizoidhinishwa. Kulipia kitu kisha ukaendelea kukiombea ruhusa! Huko si kununua.

Aprili 2007 kampuni ya EMI ilitangaza kuziondolea nyimbo zake kufuli, na mwezi uliofuata iTunes ikaanza kuziuza kwa dola 1.29, zikiwa na sauti bora zaidi. Amazon ilifungua duka la MP3 zisizo na kufuli Septemba mwaka huohuo. Kufikia 2009 Apple nayo ilikuwa imekubaliana na kampuni zote kubwa za muziki kuuza nyimbo zao bila kufuli. Faili la namna hiyo unalinakili kwenye flashi, unalicheza garini, unabaki nalo hata duka likifungwa.

Leo huduma ya muziki ya Spotify inatuandikia "pakua" kwenye nyimbo zinazonyamaza usajili wa kulipia ukikoma. Hapo ningependa watafsiri waandike "hifadhi kwa muda".