Kiwambo Kinachotikisika Sikioni: Iafoni Zilivyofika Kilangala

Fungua iafoni moja ya bei nafuu, katika zile zinazoning'inizwa kwenye vibanda vya vocha Kilangala na vijiji vingine vya pwani ya Lindi. Ndani kuna kiwambo cha plastiki chembamba, kinachopitisha mwanga. Nyuma yake imegandishwa koili ya waya wa shaba, na koili hiyo imezama katika mwanya wa mviringo ulioachwa kando ya sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye waya, koili huvutwa na kusukumwa, kiwambo nacho hufuata, na hewa iliyo mbele yake inageuka sauti.

Wazo hilo ni kongwe. Mjerumani Werner Siemens alilisajili mwaka 1874, wakati ambao hapakuwa na chombo cha kukuza umeme wa sauti. Likachukua muda mrefu kuzaa matunda. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa General Electric ya Marekani, wakaonyesha namna ya kupata sauti safi: kiwambo kiwe kigumu katikati na kilegee pembeni, ili kiende mbele na nyuma kikiwa kizima bila kujikunja. Miaka mitatu baadaye, 1928, mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri zake, na watu wa pwani wakazisikiliza kwa gramafoni, wengi kwa pamoja.

Kifaa kidogo cha koili cha kusikilizia peke yako kilikawia, kwa sehemu kwa sababu ya sumaku. Eugen Beyer wa Berlin alitengeneza hedifoni ya DT 48 mwaka 1937, akitumia koili na kiwambo vilevile, lakini ilikuwa nzito na ya kuvaliwa kichwani. Hata Sony ilipotoa Walkman, kicheza kaseti cha kubebwa, Julai 1979, hedifoni zake nyepesi bado zilikaa juu ya masikio. Mwaka 1982 Mjapani Masato Sagawa akaunda sumaku ya neodimiamu, chuma na boroni. Nguvu iliyohitaji sumaku kubwa sasa ikapatikana kwenye kipande kinachoingia ndani ya sikio. Neodimiamu hiyo ipo ardhini kwetu pia, Ngualla, mkoani Songwe, na ningependa kuona vijana wetu wanafundishwa kuitengenezea sumaku, si kuichimba tu.

Huku kusini, vifaa hivi vilisambaa kwa wingi pamoja na simu za mkononi, hasa baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Kabla yake, mzigo wa Kariakoo ulisubiri pantoni mto Rufiji.

Sasa, kwa nini iafoni mbili zenye umbo moja zinatofautiana sauti? Anza na kiwambo. Wapiga ngoma wetu wanaijua hesabu hii: ngozi iliyolegea hunguruma, iliyokazwa motoni hulia juu. Kiwambo cha iafoni kinadaiwa yote mawili kwa wakati mmoja. Kingo zake zikiwa laini, besi hushuka chini. Kikiwa kizito, sauti nyembamba hufifia. Kikiwa chepesi lakini dhaifu, hujikunja na kukwaruza. Ndiyo maana viwanda vimejaribu titani, beriliamu na hata mti: JVC ya Japani ilitoa iafoni ya kiwambo cha mti mwaka 2008. Mpingo wetu wa Kilwa, unaosifika kwa klarineti, usingefaa kazi hiyo, maana uzito unaoupa sifa kwenye klarineti ungekuwa mzigo kwa koili.

Halafu kuna hewa. Spika ya sebuleni husukuma hewa ya chumba kizima, lakini iafoni iliyoziba sikio vizuri husukuma sentimita za ujazo zisizozidi mbili hivi. Kwa hiyo kiwambo cha milimita 10 kinaweza kutoa besi nzito, mradi hewa isivuje. Mpira unaoziba sikio ukipwaya, besi inakwisha hapohapo. Nyuma ya kasha pia huwa na kitundu kilichofunikwa kitambaa, kinachodhibiti mwendo wa kiwambo. Jasho na vumbi vikikiziba, sauti hubadilika, na mwenyewe hudhani spika imekufa.

Hivyo milimita zilizoandikwa kwenye boksi si kipimo cha ubora. Wala besi nyingi si ubora: katika taarabu hufunika sauti ya mwimbaji na udi, vitu vyenyewe ulivyokusudia kuvisikia.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji ujaribu kwa wimbo unaoujua neno kwa neno. Chagua mpira unaoziba bila kuumiza, na usikilize kwa sauti ya chini. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wasivuke desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi.