Vikwazo Vilipofika Kebirigo

Neno "vikwazo" lilifika Kebirigo pamoja na gunia la mbolea. Zamani lilikuwa neno la redio, la taarifa ya habari ya saa moja jioni, na liliwahusu Iran au Zimbabwe. Kisha Urusi ikaingia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, na mwaka huo gunia la kilo 50 likapita shilingi 6,000 madukani. Mkulima wa majani chai hapa Nyamira huchukua mbolea kwa mkopo kupitia kiwanda, halafu hukatwa polepole kwenye malipo yake. Alitaka kujua nani kampandishia bei. Stejini kwa bodaboda na kituoni anapopimiwa majani, jibu lilikuwa lile lile: vikwazo.

Kitenzi chake ni kukwaa, ambacho leo tunakisikia zaidi katika kujikwaa. Ukimfanya mwenzako ajikwae, umemkwaza. Wasabato, ambao ni wengi sana Gusii, wanalijua neno hilo kwa mahubiri, maana kumkwaza ndugu ni kumwangusha kiimani. Kikwazo, basi, ni kitu kilicho njiani. Wanadiplomasia wamelichukua neno hili wakalipa kazi ya adhabu ya kiuchumi, nao hulitamka kana kwamba kitu hicho kimewekwa mbele ya mguu mmoja tu, ule wa Moscow. Maana ya asili haikubali hivyo. Kisiki kikiwa njiani, hujikwaa yeyote apitaye.

Ndivyo ilivyokuwa. Marekani na Umoja wa Ulaya walisema waziwazi kwamba chakula na mbolea havimo katika orodha ya adhabu. Lakini benki kadhaa za Urusi ziliondolewa kwenye mfumo wa malipo wa SWIFT, kampuni kubwa za meli kama Maersk na MSC zikaacha kupokea shehena nyingi za Urusi, na bima ya safari za Bahari Nyeusi ikapanda. Urusi ni miongoni mwa wateja wa chai ya Kenya inayouzwa katika mnada wa Mombasa. Mkulima wa Kebirigo akajikwaa mara mbili, kwanza kwenye mbolea anayonunua, kisha kwenye chai anayouza, na jina lake halikuwa katika orodha ya mtu yeyote.

Mabishano ya hapa hayakosi pande mbili. "Wazungu wameweka vikwazo, sisi ndio tunaolipa," atasema mmoja. Mwingine atamjibu, "Na vita alivianzisha nani, mzee?" Ninavyoona, wa pili ameuliza swali la kwanza kwa mpangilio. Hata hivyo wote wawili husahau kwamba bei ya mbolea ilianza kupanda mwaka 2021 pamoja na bei ya gesi, na kwamba China na Urusi zilikuwa zimeanza kubana mauzo yao ya nje kabla mwaka huo haujaisha. Jambo hilo halikupata neno lolote. Vikwazo vilipopata jina, vikabebeshwa na mizigo isiyo yao.

Sarufi nayo ilisaidia kuficha. Tunasema Urusi "imewekewa" vikwazo, kwa kitenzi kile kile ambacho mtoto aliyechelewa shuleni huwekewa ugali. Mkulima naye anasema "nimekatwa". Vitenzi vyote viwili vinamtaja aliyefikiwa na tendo na kumwacha mtendaji nje ya sentensi. Afisa wa kiwanda hana haja ya kujieleza, sembuse waziri wa fedha wa nchi ya mbali.

Tuje kwenye jina la vita vyenyewe. Vladimir Putin aliviita "operesheni maalumu ya kijeshi". Magazeti yetu mengi yalichagua "uvamizi", na hapo Kiswahili kilikuwa kikali kuliko wenye nacho walivyokusudia. Kuvamia ni kurukia ghafla. Kwa Mkenya, kinachovamiwa ni duka usiku, au shamba la mjane. Neno hilo linaiketisha dola yenye silaha za nyuklia benchi moja na mwizi wa mapanga, na sioni sababu ya kuiondoa hapo.

Tatizo ni kwamba "operesheni" si neno la Warusi peke yao. Mwaka 2008 jeshi letu lilipanda Mlima Elgon kwa jina la Operesheni Okoa Maisha, na mashirika ya haki za binadamu yakaripoti mateso na watu waliotoweka. Oktoba 2011 tuliingia Somalia kwa Operesheni Linda Nchi. Sisemi kwamba Somalia ni Ukraine. Al-Shabaab walikuwapo kweli, na watu walikuwa wakitekwa kweli. Nasema tu kwamba sisi pia tunalo jina la kulivalisha jeshi linapovuka mpaka, na tumelitunga kwa Kiswahili safi, lenye kitenzi cha huruma ndani yake: okoa, linda.

Abagusii, wenyeji wa huku, walilijua vazi hilo mapema. Mwaka 1905, na tena 1908, Waingereza walituma askari katika nyanda hizi, na katika nyaraka zao wakaita kazi hiyo msafara wa kuadhibu. Msafara! Neno la wafanyabiashara na mahujaji. Msafara wa 1908 ulifuata tukio la Januari, pale Mgusii aitwaye Otenyo alipomchoma mkuki afisa wa wilaya, Geoffry Northcote. Huyo alipona, na miaka 29 baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Vijiji vilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, na watu wakauawa kwa wingi kiasi kwamba Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, aliandika kutoka London akihoji mauaji hayo. Alipofanya hivyo aliacha lugha ya msafara na kutumia lugha ya kuua. Nyaraka za himaya hazina mifano mingi ya namna hiyo.

Juu ya mpaka nitasema machache. Usiku wa tarehe 21 Februari 2022, siku tatu kabla ya mizinga, Martin Kimani, aliyekuwa balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, aliliambia Baraza la Usalama kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa mbali, London, Paris na Lisbon, bila kujali ndugu waliotenganishwa, na kwamba tuliikubali hivyo hivyo ili tusipigane bila mwisho. Hotuba ilizunguka dunia. Huku Nyamira ilisikilizwa kwa sikio moja zaidi, kwa kuwa tunao mpaka wetu na Wakipsigis, kati ya Borabu na Sotik, ambako kabla ya ukoloni vijana walitekana ng'ombe na ambako nyumba zilichomwa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Balozi alizungumzia mipaka ya nchi. Ile ya ndani hakuna baraza lililoipigia kura.

Neno la mwisho kufika ni "mamluki". Novemba 2025 serikali ilisema huenda zaidi ya Wakenya 200 wamejiunga na majeshi ya Urusi, na baadhi ya waliorudi walisimulia kwamba waliahidiwa kazi za kawaida, kisha wakawekewa mezani mikataba ya Kirusi wasiyoweza kuisoma. Vichwa vya habari vikawaita mamluki wote kwa pamoja.

Kwa Kiarabu, mamluk ni anayemilikiwa. Wamamluki walioitawala Misri kuanzia 1250 hadi 1517 walianza kama vijana walionunuliwa wakafanywa askari, na wengi wa mwanzo walikuwa Wakipchak wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Sultani Baibars alikuwa mmoja wao. Nyika hizo ndizo zinazopiganiwa leo. Enzi hizo vijana waliuzwa kutoka huko wakaletwa Afrika; sasa vijana wa Afrika wanapelekwa huko, na jina limekuja kuwasubiri.

Kamusi za leo zinasema mamluki ni askari apiganaye kwa ajili ya pesa. Kwa aliyekwenda akijua, sawa, ingawa "askari wa kukodiwa" lingetosha na kila mtu angelielewa. Aliyedanganywa kwamba anakwenda kuendesha lori yuko karibu zaidi na maana ya karne ya 13. Mhariri akitaka kumwita mamluki, na aandike pia nani alimuuza, na kwa kiasi gani.