Kabla ya mwani kulikuwa mawese: hesabu ya nguvu

Bandugu wasomi, tukisikia watu wanasema mafuta ya gari yatatoka kwenye mwani, tunafikiri njo jambo jipya. Lakini mafuta ya motere kutoka kwenye mimea yana historia, na Kongo yetu iko ndani.

Tarehe 31/8/1937, Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa breve ya kugeuza mawese, kwa kuyachanganya na alkoli, yafanye kazi ya mazutu. Mwaka 1938 bisi ilitembea kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta ya namna hiyo. Leo tunaita biodizeli.

Sisi wa agronomia tunauliza kwanza: nguvu ngapi iliingia, ngapi ilitoka? Lita moja ikikula nguvu ya lita moja na nusu, ni hasara tu.

Kwenye hesabu ya mawese ya ukoloni, nguvu ya mikono haikuandikwa vizuri. Mwaka 1911 Ubelgiji ilimpa William Lever, mwenye viwanda vya sabuni, haki ya kuchagua mpaka hektari 750 000 za ngazi katika Kongo. Wakata ngazi walipanda miti kwa malipo madogo, wengi kwa kulazimishwa. Mwaka 1931 bei ilianguka, kodi ikaendelea kudaiwa. Wapende wa Kwango wakaasi, jeshi likaua mamia. Huku kwetu, mashua za moshi za Lualaba zilikula kuni, na msitu wa kando ya mto njo ulilipa.

Sasa mwani. Hauombi shamba zuri na unakua mbio, ni kweli. Lakini katika bwawa la wazi, lita moja ya maji mara nyingi haina hata gramu moja ya mwani mkavu. Kuzungusha maji, kuuvuna, kuukausha: yote inakula nguvu. Tena unaomba azoti, na mbolea hiyo kwa kawaida inatengenezwa kwa gesi ya ardhini. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walipiga hesabu: mwani ulikula nguvu na maji kupita mahindi, na kutoa zaidi gesi zinazopasha dunia joto. Nafuu ilionekana ukilishwa maji machafu ya mji pahali pa mbolea. ExxonMobil iliingia kwenye kazi hiyo 2009. Kufika 2023 ikajulikana imetoka.

Kwa hiyo, siku mutu ataleta mradi wa mabwawa hapa Kindu, tumuulize: umeme utatoka wapi? Mbolea itafika kwa njia gani, na kwa mazutu ngapi? Nani atafanya kazi ya mikono, na atalipwa ngapi? Swali hili la mwisho wazee wetu hawakupewa nafasi ya kuuliza.

Wenzetu wa Kibombo, Kasongo na Pangi: kwenu bidoni moja ya mawese inakula mizigo mingapi ya kuni? Andikeni hapa chini, tuanze kupiga hesabu yetu wenyewe.