Mstari wa Majivu

Kila Desemba tukienda ushago, Kitui, lazima kuwe na mechi. Kijiji hiki dhidi ya kile, zawadi ni mbuzi, na mistari ya uwanja inachorwa kwa majivu ya jikoni. Mwaka mmoja shangazi alikuja na mwanawe wa miaka sita. Spika zilipowashwa, mtoto aliziba masikio, akajitupa chini na kupiga mayowe. Mzee mmoja akasema achapwe. Mama mwingine akauliza kama ameshaombewa. Shangazi akambeba mgongoni, wakaondoka. Hawakukanyaga tena uwanja ule kwa miaka minne.

Binamu yangu ana usonji. Siku hizo hakuna mtu nyumbani kwetu aliyekuwa na neno hilo. Mimi nililikuta baadaye Nairobi, nikaanza kusoma historia yake nikiwa na swali moja tu: uwanja ni wa nani?

Kwa Wakamba wa zamani, utui haukuwa nyumba zilizokaribiana tu. Ulikuwa na thome, pale wanaume walipoota moto na kusema mambo yao. Ulikuwa na ithembo, mahali pa kutolea sadaka. Na ulikuwa na uwanja wa ngoma. Kuwa mtu wa utui ilimaanisha pia kuonekana pale. Sisemi mambo yalikuwa peponi. Ngoma ni kelele, na mtoto asiyesema angeweza kufichwa zamani kama anavyofichwa leo. Ila mahali pa kucheza palihesabiwa pamoja na mahali pa kuomba na pa kuamua. Hapakuwa anasa.

Historia ya usonji yenyewe iliandikwa mbali na viwanja. Mwaka 1943, huko Marekani, daktari Leo Kanner alieleza habari za watoto 11. Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha matokeo ya safari yake katika miji ya nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo. Aliwatafuta watoto hao ndani ya taasisi. Aliyefungiwa chumbani Mutomo au Kibwezi hakuwa njiani mwake. Mwaka 2003 wazazi waliunda Chama cha Usonji cha Kenya, na kitengo cha watoto hao kikafunguliwa katika shule ya msingi ya City, Ngara. Hatua kubwa, lakini ni Nairobi. Sensa ya 2019 iliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Ualbino ukahesabiwa peke yake. Usonji haukupata kisanduku chake.

Kilichonishangaza ni sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, kifungu cha 28, iliwapa watu wenye ulemavu haki ya kutumia bure viwanja vya michezo na burudani vya serikali. Bure! Kwa hiyo Ithookwe, uwanja wa Kitui ulioandaa sherehe za Mashujaa 2025, kisheria ulikuwa wa binamu yangu kabla hata hajazaliwa. Mwaka huohuo wa 2025 sheria mpya ilichukua nafasi ya ile ya zamani.

Lakini lango halikuwa tatizo la shangazi. Uwanja wetu hauna hata lango. Kilichomfukuza ni spika na midomo ya watu, na hivyo havihitaji bajeti ya kaunti.

Ndiyo maana nafikiria mwethya. Kina mama wa Kitui na Makueni wamechimba matuta kwa mwethya, leo shamba la huyu, kesho la yule, hadi kilima kizima kikazuia udongo kubebwa na mvua. Hakuna aliyeambiwa, "Shamba lako, shida yako." Ila mama wa mtoto mwenye usonji huambiwa hivyo kila siku, hata kama hakuna anayelitamka. Analinda peke yake, analala nusu usingizi, harusi haendi, chama anatuma pesa tu. Mtoto akikosa uwanja, mama naye amekosa utui.

Desemba iliyopita nilimwomba nahodha wa timu yetu kitu kimoja: wafanye mazoezi asubuhi, spika zikiwa bado kwenye boda. Alikubali bila maneno mengi. Shangazi alikuja akisitasita, leso begani, tayari kuondoka.

Binamu yangu hakuutazama mpira. Aliuona mstari wa majivu. Akaanza kuufuata polepole, kisigino mbele ya kidole, akauzunguka uwanja mzima, kisha akaanza tena. Mzunguko wa tatu alimkuta winga wetu amesimama juu ya mstari. Kijana akarudi nyuma hatua moja, akampisha, mchezo ukaendelea.

Shangazi alikuwa chini ya mwembe na wanawake wenzake. Mmoja alimmiminia chai. Aliinywa ikiwa bado moto, yote, akaomba nyingine.