Yezu wa historia: ushuhuda wa kweli watosha

Kijana aliyesoma akimwuliza mkatekista, «Nani, nje ya Evanjili, aliandika juu ya Yezu?», swali lake ni jema. Hatari iko katika jibu la haraka.

Wengi wanashika mara moja ukurasa wa Flavius Josephus, Myuda aliyezaliwa mwaka 37 na kuandika historia ya taifa lake karibu na mwaka 93. Pale, katika kitabu cha 18, panasomwa kwamba Yezu ndiye Kristu, na kwamba alionekana hai siku ya tatu. Lakini Origenes, mwalimu mkubwa wa karne ya 3, alimsoma Josephus, naye asema wazi kwamba mtu huyu hakumsadiki Yezu kuwa Kristu. Namna gani basi asiyesadiki aandike maneno ya msadiki? Wenye elimu wengi wanaona kwamba Josephus aliandika kweli maneno machache juu ya Yezu, kisha mkono wa Mkristu ukazidisha mengine. Mbaya zaidi ni barua ya «Lentulus», yenye kueleza uso na nywele za Bwana wetu: ni ya uwongo, na Lorenzo Valla alikwisha kuikataa katika karne ya 15.

Mkatekista anayetumia silaha hizi anajenga juu ya mchanga. Siku kijana atakapojua ukweli, hatatupa barua ile tu. Pengine atatupa na Evanjili pamoja nayo.

Tutazame sasa upande wa pili. Katika Udachi, David Strauss aliandika mwaka 1835 kwamba habari nyingi za Evanjili ni hadisi zilizotungwa na imani. Mwaka 1909 Arthur Drews alikana hata kwamba Yezu aliishi. Albert Schweitzer, yule aliyekwenda Lambaréné, Gabon, mwaka 1913 kutibu wagonjwa, alikuwa amepima maandishi ya namna hii mwaka 1906. Alionyesha kwamba waandishi wengi walichora Yezu wa kufanana na wao wenyewe. Hivyo na mwenye shaka ana mambo anayoyasadiki bila kuyapima.

Kinachobaki ni kipi? Tacitus, Mroma aliyewadharau Wakristu, aliandika karibu na mwaka 116 kwamba Kristu aliuawa wakati wa Tiberius kwa amri ya Ponsio Pilato. Josephus, katika kitabu cha 20, ataja kifo cha Yakobo, ndugu wa Yezu, mwaka 62. Mwaka 1961 jiwe lenye jina la Pilato lilionekana Kaisaria. Naye Bart Ehrman, mwalimu wa Marekani asiyesadiki, alitoa kitabu kizima mwaka 2012 kuonyesha kwamba Yezu aliishi kweli.

Lakini tujue mpaka wake. Ushuhuda huu waonyesha kwamba Yezu aliishi na kwamba aliuawa. Hauonyeshi kwamba alifufuka. Jambo hilo twalipokea kwa Mitume, kama Paulo alivyowakabidhi Wakorinto yale aliyoyapokea yeye mwenyewe.

Eklezia haiogopi kazi hii. Maagizo ya Roma ya mwaka 1964 yalifundisha ngazi tatu: Yezu alitenda na kusema, Mitume walihubiri, Waevanjelisti wakaandika, wakichagua na kupanga. Mwaka 1965 Mtaguso ukathibitisha kwamba Evanjili zinaleta kwa uaminifu yale Yezu aliyoyatenda na kuyafundisha.

Sisi wa Kisangani tuna mfano karibu. Laurent Monsengwo, Askofu mkuu wetu tangu 1988 hata 2007, ndiye Mwafrika wa kwanza kupata udaktari wa Maandiko Matakatifu katika Chuo cha Biblia cha Roma. Alijifunza kupima maneno ya vitabu vya kale moja moja, naye akabaki mchungaji.

Basi, mkatekista akiulizwa, ajibu kwa kipimo: hili lajulikana, hili lina shaka, hili ni la imani. Kristu aliyesema kwamba yeye ni Ukweli hahitaji uwongo wetu kumtetea.