Ndoa Isiyo na Cheti: Mke, Mume na Kibali Kilichokwisha Muda, kwa Kutazama Hombo

Mashariki mwa Kongo, ukivuka mto Hombo unatoka Walikale, Kivu ya Kaskazini, na kuingia Kalehe, Kivu ya Kusini. Watu wa pande zote mbili, Watembo, Wanyanga, Wahunde, Warega na wengineo, wameoana kwa vizazi bila kuujali sana mpaka huo. Mahari hupelekwa, wazee wa koo mbili huketi, mashahidi husikia, na tangu siku hiyo hakuna jirani anayeuliza kama hao wawili ni mume na mke. Swali hilo huja kuulizwa baadaye na mbali, na afisa uhamiaji wa Kampala, Nairobi au Brussels, siku ambayo kibali cha mmoja wao kimekwisha muda na sababu pekee iliyobaki ya kukaa ni kwamba mwenzake yuko hapo.

Maandishi mengi kuhusu jambo hili huanza kwa kupanga aina za viza. Hoja yangu ni kwamba kwa mtu wa Hombo, na wa maeneo ya Masisi na Walikale kwa jumla, shauri huwa limekwisha kuamuliwa kabla hajafika kwenye dirisha la viza. Limeamuliwa na daftari la ndoa ambamo jina lake halimo.

Milango kwa kweli ipo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 15, inampa mtu aliyeishi katika ndoa na raia kwa miaka 7 haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inamruhusu kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3 ya ndoa. Uganda nayo, katika Katiba ya 1995, inamtambua mwenzi wa raia akithibitisha ndoa halali ambayo bado ipo. Ufaransa humruhusu mgeni aliyeingia nchini kihalali, akafunga ndoa humo na raia na kuishi naye miezi 6, kushughulikia ukaazi wake bila kurudi kwao kwanza. Marekani, mwenzi wa raia aliyeingia kwa kukaguliwa mpakani anaweza kuomba ukaazi akiwa humo humo, hata kama muda wa viza umempita. Lakini akitoka nje baada ya kuzidisha siku 180, hufungiwa mlango kwa miaka 3. Akiwa amezidisha mwaka mzima, kwa miaka 10. Wapo waliofunga safari ya kurudi nyumbani kwa nia njema, ili wafuate utaratibu, na safari hiyo ndiyo iliyowatenga na wenzi wao. Kabla ya kukata tikiti ni lazima kumwona mwanasheria.

Nchi hizo zote zinaulizia ndoa halali, na nyingi hupima uhalali kwa sheria ya mahali ilipofungwa. Kwa hiyo swali la Nairobi au Chicago linarudi Kongo: je, kwa sheria yenu watu hawa wameoana? Sheria ya Familia ya Kongo, ya tarehe 1 Agosti 1987 na kurekebishwa Julai 2016, haiidharau ndoa ya kimila. Inakubali ndoa ifungwe ndani ya familia, mahari yakiwa sehemu yake. Inachotaka ni wanandoa waipeleke kwa msajili wa hali ya kiraia ndani ya mwezi mmoja ili iandikwe. Kwa koo mbili ndoa ipo tangu siku ya mahari, lakini mtu wa nje hafungwi nayo mpaka iwe imesajiliwa. Na afisa uhamiaji ni mtu wa nje kuliko wote.

Kwa nini haisajiliwi? Wapo wanaosema ni uzembe au ujinga wa watu wa vijijini. Sikubaliani nao. Usajili hufanyikia makao ya sekta au ya utemi, nayo kwa wengi ni mwendo wa siku nzima kwa miguu au kwa pikipiki, katika barabara ambazo kizuizi cha leo kinaweza kuwa cha kundi jingine kesho. Isitoshe, msajili atataka kitambulisho. Kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho cha Mkongo wa kawaida, na katika uchaguzi wa Desemba 2023 Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita vya waasi wa M23. Aliyekosa kuandikishwa kuwa mpiga kura hakupoteza kura peke yake. Alikosa pia karatasi ya kumtambulisha mbele ya msajili wa ndoa, wa shule na wa pasipoti. Goma ilipotekwa na waasi hao mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu mwezi uliofuata, na mji wa Walikale Machi mwaka huo huo kwa majuma kadhaa, hata swali la ni mhuri wa nani ulio halali likawa zito. Kumlaumu mwanamke wa kijijini kwa kukosa cheti katika hali hiyo ni kumdai risiti mtu ambaye duka lake limechomwa moto.

Hapo ndipo mataifa yanayopokea wageni hutoa hoja yao yenye nguvu: bila cheti, yatazuiaje ndoa za kutafutia viza? Hofu hiyo ina msingi, ndoa hizo zipo. Ila tutazame ni nani huja na karatasi zilizokamilika. Anayepanga udanganyifu hutangulia kutafuta cheti. Mume na mke walioishi miaka 15 pamoja wana watoto, wana wakwe, wana mashahidi wa mahari, wana picha za misiba na sherehe, na huenda hawana cheti. Damu ya mtoto hupimwa maabara na jibu likapatikana. Ndoa haina kipimo cha aina hiyo. Inathibitishwa kwa maisha yenyewe, na maisha huchunguzwa kwa kusikiliza watu.

Sheria imekwisha kulijua jambo hili mahali fulani. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2003/86 kuhusu kuunganisha familia, katika ibara ya 11, linasema mkimbizi asiye na hati za kuthibitisha undugu aruhusiwe kuleta ushahidi mwingine, na kwamba ombi lisikataliwe kwa sababu tu ya kukosa hati. Kanuni hii ndiyo ninayoitetea. Kasoro yake ni kwamba imefungiwa kwa wakimbizi. Aliyeondoka Masisi na kibali cha masomo, kibali kikaisha wakati kijiji chake kikiwaka moto, hahesabiwi humo, ingawa daftari lililokosekana ni lile lile.

Mahakama nazo zimesogea. Tarehe 3 Oktoba 2014, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi ya mwanamke mzaliwa wa Suriname aliyeingia Uholanzi 1997 kwa viza ya utalii, akabaki baada ya muda kwisha, akaolewa na Mholanzi na kuzaa naye watoto watatu. Mahakama ilisema kumnyima ukaazi kulivunja haki ya maisha ya familia. Hapa Afrika, Mahakama ya Juu ya Zimbabwe ilikuwa imekwisha kusema mwaka 1994 kwamba uhuru wa mwanamke raia wa kutembea na kukaa nchini kwake hauna maana ikiwa mume wake mgeni anafukuzwa. Tanzania, kinyume chake, Sheria ya Uraia ya 1995 ilimpa mwanamke aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia, bila kumpa haki hiyo mwanamume aliyeoa Mtanzania. Mume kutoka Kivu aliyeoa Kigoma kwa kawaida anabaki kutegemea vibali vya kuhuishwa tena na tena.

Hata pale uraia unapopatikana, Mkongo anaulipia. Sheria ya uraia ya Novemba 2004 na ibara ya 10 ya Katiba ya 2006 zinasema uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganywi na mwingine. Mke anayechukua uraia wa Kenya ili akae na mumewe anauachia ule wa kwao. Masisi jambo hilo si dogo hata kidogo. Sheria ya 1981 iliwaondolea uraia Wanyarwanda wengi wa Kivu, na ugomvi juu ya nani ni Mkongo umemwaga damu tangu miaka ya 1990. Kumwambia mtu wa eneo hilo aweke uraia wake mezani ili asitenganishwe na mwenzi wake ni kumtaka achague kati ya nyumba mbili ambazo zote ni zake.

Kwa hiyo naweka tumaini zaidi kwenye ukaazi kuliko uraia, na kwenye jumuiya kuliko taifa moja moja. Kongo ilikamilisha uanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu 2010, inamruhusu mfanyakazi wa nchi mwanachama kufuatana na mwenzi wake na watoto. Lakini mwenzi huyo huingia kama mtegemezi: kibali cha mfanyakazi kikifa, cha mwenzi kinakufa nacho. Nchi wanachama ziongeze vifungu viwili. Kwanza, mwenzi apewe muda wa kutosha wa kuomba hadhi yake mwenyewe kabla hajahesabiwa mkosaji. Pili, ushahidi wa wazee, wa mahari na wa maisha ya pamoja upokelewe kutoka maeneo ambako usajili umevunjwa na vita, kama Ulaya inavyoupokea kwa wakimbizi.

Na kwa wanandoa wa Hombo ambao mmoja wao anajiandaa kuondoka: nendeni mkaisajili ndoa kabla ya safari, hata kama mwezi ule mmoja ulipita zamani. Ikiwa ofisi imefungwa au daftari limepotea, ulizeni mahakamani, kwani sheria ya Kongo inaruhusu hukumu inayoshika nafasi ya cheti kilichokosekana. Chukueni nakala zaidi ya moja, na moja ibaki kwa wazazi.