Bakteria wanaowaumiza koo wanafunzi wa vyuo

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

KUUMWA koo ni miongoni mwa maradhi yanayowasumbua mara kwa mara wanafunzi wa vyuo, na wale wanaosoma Shinyanga na Geita hawakusalimika. Kiangazi kinapoingia, vumbi la barabara na la machimbo hukausha koo hata la mtu mzima wa afya, hivyo si rahisi kutambua kama anachokihisi ni vumbi, mafua ama ugonjwa unaohitaji dawa.

Sehemu kubwa ya maumivu ya koo husababishwa na virusi, ambavyo antibayotiki haziviwezi. Hivyo huambatana na kikohozi, makamasi na sauti kukauka. Bakteria huelekea kuleta homa, usaha juu ya mafindofindo na tezi za shingoni zinazouma zikibonyezwa, tena bila kikohozi. Vigezo hivyo vinne vilitolewa mwaka 1981 na Dk. Robert Centor na wenzake wa Marekani, na vingali vinatumika.

Anayefahamika zaidi ni streptokoki wa kundi A. Kinachotisha si koo lenyewe. Wiki mbili au tatu baadaye, kinga ya mwili iliyoamshwa kupambana naye huweza kugeukia viungo na moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15, kwa hiyo mwanafunzi wa chuo anayehema kwa shida apandapo ngazi huenda alibaki na vali mbovu tangu utotoni. Vali zikiharibika sana, tiba ni upasuaji, kama ule unaofanywa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Yuko mwingine asiyetajwa sana: fusobakteria. Mwaka 2015, Dk. Centor huyo huyo na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima wagonjwa 312 wa koo, wenye umri wa miaka 15 hadi 30, katika zahanati ya chuo kikuu huko Birmingham, Alabama. Asilimia 20.5 walikuwa na fusobakteria, na asilimia 10.3 streptokoki wa kundi A. Takwimu hizo haziwezi kuhamishiwa Kizumbi au Geita moja kwa moja, ila umri ni ule ule.

Bakteria huyu haoti penye oksijeni, hivyo kipimo cha kawaida cha koo humkosa. Mara chache hupenya hadi kwenye mshipa mkubwa wa shingo, damu ikaganda humo, na vipande vyenye vimelea vikasafiri hadi mapafuni. Mfaransa André Lemierre aliueleza ugonjwa huo mwaka 1936. Homa ya kutetemeka na uvimbe wa upande mmoja wa shingo ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kisonono nacho hukaa kooni, mara nyingi bila dalili, kwa wanaofanya ngono ya mdomo.

Penisilini ya vidonge dhidi ya streptokoki humezwa siku 10, si mpaka maumivu yaishe. Azithromaisini, inayopendwa kwa kuwa humezwa siku chache, haiaminiki dhidi ya fusobakteria.

Wapo bado wanaokimbilia kukatwa kimeo. Kisu hicho hakiondoi bakteria; huacha kidonda kinachoweza kuvuja damu nyingi, na kikichangiwa huambukiza.